Dawa ya bei ya chini, safari ya bei ya juu: Funzo la corona kwa Kibera na Kawangware

NI miaka kadhaa sasa tangu Shirika la Afya Duniani (WHO) litangaze, mnamo Mei 5, 2023, kwamba corona si janga la dharura tena. Hata hivyo, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi swali moja bado halijapata jibu kamili: ni nini hasa kilichoamua nani angepona na nani angezikwa?

Jibu ambalo wengi hulitoa kwa haraka ni virusi. Lakini utafiti uliofanywa tangu 2020 umebainisha kwamba kwa wagonjwa wengi waliozidiwa, virusi vilikuwa vimeanza kupungua mwilini wakati hali yao ilipozorota. Kilichowamaliza ni kinga ya mwili yenyewe, ambayo ilikuwa imepandwa na hasira na kuanza kuunguza mapafu iliyopaswa kuyalinda.

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kwa corona, msemo huo uligeuka kuwa maelezo ya kitabibu.

Hapa ndipo hadithi ya Kibera na Kawangware inapoanzia. Hasira hiyo ya kinga ina dawa, tena dawa ya bei nafuu inayopatikana katika takriban kila hospitali ya umma. Lakini dawa hiyo hufaa tu pale penye vitu vitatu: kipimo cha kuonyesha kwamba mgonjwa amezidiwa, oksijeni ya kumpa, na muda wa kutosha kabla hajakata roho. Vitu hivyo vitatu ndivyo adimu zaidi kwa mlalahoi.

Moto ndani ya mapafu

Mtu akichomwa na mwiba, mahali palipochomwa huvimba, huwa pekundu, hupata joto na huuma. Madaktari huiita hali hiyo inflamesheni. Ni dalili kwamba askari wa mwili wamefika kupambana na adui, na kwa kawaida hutulia pindi adui anaposhindwa.

Virusi vya corona vinapoingia katika mapafu, jambo lilo hilo hutukia. Chembechembe zilizoshambuliwa hupiga mbiu kwa kutoa kemikali ziitwazo saitokini. Mojawapo, iitwayo intalukini-6, huliambia ini litengeneze protini ya CRP, ambayo hupimwa katika damu na kuwaonyesha madaktari ukubwa wa vita vinavyoendelea.

Kwa wagonjwa wengi, mbiu hiyo hunyamaza baada ya siku chache. Homa hushuka, kikohozi hupungua, na maisha huendelea.

Kwa wachache, mbiu hainyamazi. Kati ya siku ya saba na ya kumi hivi tangu dalili zianze, mishipa midogo ya damu katika mapafu huanza kuvuja. Vijifuko vya hewa hujaa majimaji, damu huganda katika mishipa, na oksijeni hushindwa kupenya kuingia mwilini. Vipimo vya damu vya wagonjwa hawa huonyesha CRP iliyopanda sana, protini ya feritini iliyozidi, dalili za damu kuganda, na upungufu wa baadhi ya chembechembe nyeupe zinazopambana na virusi.

Jambo la hatari zaidi ni kwamba mgonjwa huweza kuwa katika hali hiyo bila yeye mwenyewe kutambua. Madaktari ulimwenguni kote walishangaa kuwaona watu waliokuwa na kiwango cha chini mno cha oksijeni wakizungumza na hata kutumia simu. Kisha, ghafla, walianguka.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Mgonjwa wa corona aliyejihisi ana nafuu siku ya sita angeweza kuwa mahututi siku ya tisa.

Utafiti uliofanyiwa wagonjwa 787 waliolazwa hospitalini jijini Nairobi katika miezi ya kwanza ya janga hilo ulionyesha sura hiyo hiyo. Wagonjwa 107 kati yao, sawa na asilimia 14, walifariki. Waliokuwa katika hatari zaidi ni waliozidi umri wa miaka 60, wanaume, na waliokuwa na maradhi mengine kama vile kisukari na ya moyo.

Aidha, wagonjwa waliofika hospitalini wakiwa na chembechembe nyeupe nyingi kupita kiasi katika damu, pamoja na dalili za ini kuathirika, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa. Kwa ufupi, damu ilikuwa imeanza kutoa ushahidi wa vita hivyo hata kabla ya mgonjwa kuzidiwa.

Dawa kongwe yatoa jibu

Mnamo Juni 16, 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford nchini Uingereza walitangaza matokeo ya jaribio kubwa lililojulikana kama RECOVERY. Dawa iliyoleta matumaini haikuwa mpya. Ilikuwa deksamethasoni, steroidi iliyoanza kutumiwa katika miaka ya hamsini na ambayo imekuwa katika orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 1977.

Wagonjwa 2,104 walipewa miligramu 6 za dawa hiyo kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10. Wengine 4,321 walipewa huduma ya kawaida, kisha makundi hayo mawili yakalinganishwa baada ya siku 28.

Miongoni mwa waliokuwa wakipumua kwa msaada wa mashine, vifo vilipungua kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Miongoni mwa waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine, vilipungua kutoka asilimia 26.2 hadi 23.3.

Lakini kwa wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni, dawa haikuonyesha faida yoyote. Katika kundi hilo, asilimia 17.8 ya waliopewa dawa walifariki, ikilinganishwa na asilimia 14 ya wale ambao hawakupewa. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba dawa iliwadhuru, lakini ilitosha kuwatahadharisha madaktari.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Deksamethasoni haiui virusi. Kazi yake ni kuituliza kinga. Ikitolewa mapema, wakati virusi vingali vingi, humnyang'anya mgonjwa silaha yake. Ikitolewa wakati kinga imeshapandwa na wazimu, huokoa maisha.

Watafiti hao walikadiria kwamba matibabu ya mgonjwa mmoja yangegharimu takriban pauni 5 za Uingereza. Kwa kila wagonjwa wanane walio kwenye mashine, au kila 25 walio kwenye oksijeni, kifo kimoja kingezuiwa. Mnamo Septemba 2 mwaka huo, WHO ilipendekeza rasmi steroidi kwa wagonjwa mahututi na waliozidiwa, na kuonya dhidi ya kuwapa wenye dalili nafuu.

Mwaka uliofuata, dawa nyingine ya kutuliza kinga, tosilizumabu, ilithibitishwa kufaa. Katika jaribio hilo hilo la RECOVERY, iliyohusisha wagonjwa 4,116 wenye upungufu wa oksijeni na CRP isiyopungua miligramu 75 kwa lita, vifo vilishuka kutoka asilimia 35 hadi 31. Hata hivyo, bei yake iliiweka mbali na hospitali nyingi za umma barani Afrika.

Hivyo basi, kwa mkazi wa Kibera au Kawangware, tumaini halisi lilikuwa deksamethasoni na oksijeni. Dawa ilikuwapo. Swali ni kama mgonjwa angeifikia kwa wakati.

Walioambukizwa walizidi waliohesabiwa

Kenya ilitangaza kisa cha kwanza cha corona mnamo Machi 13, 2020. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, kaunti ndogo ya Kibra ilikuwa na wakazi 185,777, nayo Dagoretti, ambako Kawangware ipo, ilikuwa na 434,208. Wengi wao huishi katika vyumba vya futi kumi kwa kumi, huchangia vyoo na hununua maji kwa mtungi.

Agizo la kukaa umbali wa mita moja na nusu na kunawa mikono kila mara lilikuwa agizo jema. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Familia ya watu sita katika chumba kimoja haina pa kumtenga mgonjwa, na mtungi wa maji ulionunuliwa kwa pesa za kubahatisha haumwagwi ovyo.

Matokeo yalionekana katika damu. Mnamo Desemba 2020, watafiti walipima wakazi wa Kibera waliochaguliwa bila upendeleo na kugundua kwamba asilimia 43.3 walikuwa na ishara za kinga inayotokana na kuambukizwa corona. Miongoni mwa watu wazima kiwango hicho kilifika asilimia 54.9. Katika nyumba saba kati ya kila kumi, alipatikana angalau mtu mmoja aliyekuwa ameambukizwa.

Uchunguzi mwingine uliofanywa Novemba mwaka huo katika Nairobi yote ulikuta kiwango cha asilimia 34.7. Katika jiji lililokuwa na watu milioni 4.4 kwa mujibu wa sensa, hiyo ni sawa na watu milioni moja na nusu hivi. Ilhali kufikia mwisho wa mwezi huo, hesabu rasmi ya visa katika nchi nzima ilikuwa haijafika 90,000.

Takwimu hizi zina maana mbili. Kwanza, idadi kubwa mno ya wakazi wa mitaa ya mabanda waliambukizwa na kupona bila kuonekana na daktari yeyote. Pili, waliozidiwa pia wangeweza kupita bila kuonekana.

Kwa nini vifo havikufurika?

Mnamo 2020 wapo waliotabiri kwamba maiti zingejaa barabarani katika miji ya Afrika. Halikutokea jambo hilo. Kenya imeandikisha rasmi vifo zaidi ya 5,600 kutokana na visa zaidi ya 340,000. Uchunguzi wa Novemba 2020 ulikadiria vifo 40 kwa kila maambukizi 100,000 jijini Nairobi, kiwango kilicho chini mno kikilinganishwa na cha Ulaya.

Sababu iliyo wazi kuliko zote ni umri. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Wakenya wenye umri wa miaka 65 na zaidi ni asilimia 4 hivi ya watu wote. Kinga ya kijana huchangamka mapema, huvikabili virusi kabla havijaenea na kisha hutulia. Kinga ya mzee huchelewa kuanza na huchelewa kukoma. Vita vinavyochelewa ndivyo vinavyoteketeza.

Wanasayansi wamependekeza sababu nyinginezo pia, zikiwemo kukumbana mara kwa mara na viini vingine vinavyoweza kuwa vimeizoesha kinga. Hoja hizo zingali zinajadiliwa, na hakuna anayepaswa kuzigeuza kuwa ngao.

Sababu ya tatu haipendezi kuitaja, lakini haikwepeki: baadhi ya vifo havikuhesabiwa. Nchini Kenya, mtu anayefia nyumbani huandikishwa na naibu wa chifu kulingana na maelezo ya jamaa. Mara nyingi hakuna daktari aliyeutazama mwili huo, wala kipimo kilichochukuliwa.

Kilichotukia Lusaka, Zambia, ni funzo. Kati ya Juni na Septemba 2020, watafiti walipima maiti 364 katika mochari ya hospitali kuu ya jiji hilo na kupata virusi vya corona katika 70. Kati ya hao, 51 walikuwa wamefia nje ya hospitali, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amepimwa akiwa hai.

Hakuna sababu ya kuamini kwamba Gatwekera, Laini Saba au Gatina zilikuwa salama kuliko mitaa ya Lusaka.

Karantini, kafyu na kimya

Tukirejelea vile vitu vitatu, yaani kipimo, oksijeni na muda, ni rahisi kuona jinsi kila kimojawapo kilivyomponyoka maskini.

Tuanze na muda. Katika wiki za kwanza, aliyepatikana na virusi au aliyekaribiana na mgonjwa alipelekwa karantini, na katika vituo vya serikali alitakiwa kulipa Sh2,000 kwa siku. Kwa mfanyakazi wa kibarua, wiki mbili za karantini zilikuwa deni la miezi.

Serikali iliahidi kugharimia karantini kuanzia Mei 2020, lakini woga ulikuwa umeshapanda mbegu. Upimaji wa halaiki ulipoanza Kawangware mwanzoni mwa mwezi huo huo, waliojitokeza walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Watu hawakukataa kupimwa kwa ujinga. Walikuwa wamepiga hesabu.

Wengi wa wakazi wa Kawangware ni walinzi, vijakazi na watunza bustani katika mitaa jirani ya Lavington na Kileleshwa. Kupatikana na virusi kulimaanisha kupoteza kazi. Kukohoa tu mbele ya mwajiri kulitosha.

Kisha kulikuwa na kafyu. Kuanzia Machi 27, 2020, Wakenya walizuiwa kutoka nje kati ya saa moja jioni na saa kumi na moja alfajiri, na mwendo wa saa hizo ulibadilishwa mara kadhaa hadi kafyu ilipoondolewa Oktoba 20, 2021. Kisheria, mgonjwa aliruhusiwa kusafiri. Kwa hakika, bodaboda na teksi ziliogopa virungu vya polisi.

Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Dkt. Jemimah Kariuki, aliyekuwa akijifunza udaktari bingwa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, aligundua kwamba wajawazito walikuwa wakifika hospitalini wakiwa wamechelewa, na akaanzisha mpango wa Wheels for Life wa kuwasafirisha bila malipo nyakati za usiku. Ikiwa mama mwenye uchungu wa uzazi alikwama, mgonjwa wa corona aliyeanza kuhema saa tano usiku angefanya nini?

Mnamo Juni 2020 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuwauguza nyumbani wagonjwa wasio na dalili kali. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwani hospitali zilikuwa zikijaa watu wasiohitaji kitanda. Lakini mwongozo huo ulimtaka mgonjwa awe na chumba chake na afuatiliwe kwa karibu. Penye chumba kimoja, masharti hayo yalibaki kwenye karatasi.

Kipimo cha kidole, chupa ya hewa

Kitu cha pili ni kipimo. Si lazima kiwe kipimo cha CRP, ambacho huhitaji maabara. Kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni na kuonyesha kiwango cha oksijeni katika damu chatosha kubaini nani anapaswa kukimbizwa hospitalini.

Katika nyumba za wenye nacho, kifaa hicho kilikuwa juu ya meza ya kitandani kufikia mwisho wa 2020. Katika vyumba vya mabati, jamaa walitegemea macho: midomo imebadilika rangi? Anahema? Dalili hizo zinapoonekana, saa nyingi za thamani huwa zimepotea.

Kitu cha tatu ni oksijeni yenyewe. Kenya iliingia katika janga hilo ikiwa na vitanda 537 vya wagonjwa mahututi na mashine 256 za kusaidia kupumua kwa watu zaidi ya milioni 47. Kitengo cha maradhi ya kuambukiza chenye vitanda 120 kilifunguliwa Mbagathi Machi 2020, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka baadhi ya vijiji vya Kibera. Lakini ukaribu wa jengo si sawa na uhakika wa kitanda.

Athari za uhaba huo barani zilipimwa. Utafiti uliochapishwa Mei 2021, uliofuatilia wagonjwa 3,140 mahututi katika hospitali 64 za mataifa 10 ya Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba asilimia 48.2 walifariki katika muda wa siku 30. Wastani wa ulimwengu ulikuwa asilimia 31.5.

Watafiti hao walihusisha vifo hivyo vya ziada na uhaba wa vitanda na vifaa, na vilevile na kutotumiwa ipasavyo kwa vifaa vilivyokuwapo. Waafrika hao hawakuwa na mapafu dhaifu kuliko ya wengine. Walikuwa na njia ndefu zaidi ya kufikia msaada.

Dawa isipotumiwa vyema

Upo upande mwingine wa shilingi. Habari za deksamethasoni zilipoenea, watu wengi waliichukulia kuwa dawa ya corona, nukta. Ni dawa ya vidonge, bei yake ni ya chini, na katika maduka mengi ya dawa ya mitaani mteja hahitaji kuonyesha cheti cha daktari.

Hatari yake ni kubwa. Steroidi hupandisha sukari katika damu. Huweza kuamsha kifua kikuu kilichokuwa kimelala, maradhi ambayo msongamano wa mitaa ya mabanda huyaeneza kwa urahisi. India ilijionea hali hii mnamo 2021, ambapo maelfu ya watu, wengi wao wenye kisukari na waliokuwa wamepewa steroidi, walishambuliwa na ukungu mweusi uliowapofusha na kuwaua baadhi yao.

Nchini Kenya, tatizo hilo huchochewa na kutojua. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulibaini kwamba asilimia 56 ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo la damu, na takriban asilimia 88 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Mtu wa namna hiyo akimeza steroidi kwa kujinunulia, hucheza kamari asiyoijua kanuni zake.

Isitoshe, kisukari na unene wa kupindukia huiweka kinga katika hali ya hasira ya chinichini kwa miaka. Moshi wa makaa na mafuta ya taa katika chumba kisicho na dirisha huyachokoza mapafu kila jioni. Virusi vinapofika, hukuta kuni zimeshakaushwa.

Kuhusu virusi vya ukimwi, takwimu za jimbo la Western Cape nchini Afrika Kusini zilionyesha kwamba walio navyo walikuwa na hatari ya kufa kwa corona takriban mara mbili ya wasio navyo. Kibera, ambako matibabu ya dawa za kupunguza makali ya ukimwi yametolewa bila malipo tangu 2003, ina kila sababu ya kuyatunza mafanikio hayo yasiporomoke.

Chanjo na kumbukumbu fupi

Chanjo za kwanza ziliwasili nchini Machi 3, 2021, zikiwa zaidi ya milioni moja. Kazi yake inaeleweka vyema ukizingatia yaliyokwisha kuelezwa: huifundisha kinga kumtambua adui mapema, ili ifyatue risasi chache zenye shabaha badala ya kuichoma nyumba nzima.

Ndiyo maana aliyechanjwa angeweza kuambukizwa bado, lakini aghalabu hakuzidiwa. Waliodai kwamba chanjo haina maana kwa kuwa haizuii kila maambukizi walichanganya mambo mawili.

Hata hivyo, somo kubwa zaidi la corona kwa mitaa ya mabanda halihusu corona pekee. Nimonia ya watoto, kifua kikuu, malaria kali na homa ya mapafu ya wazee hufuata njia ile ile: dalili ndogo, kinga inayochachamaa, oksijeni inayoshuka, na jamaa wanaotafuta gari usiku.

Mtoto anayehema kwa nimonia huko Kawangware leo anahitaji vitu vile vile vitatu ambavyo mgonjwa wa corona alivihitaji 2020.

Yapo yaliyofanywa. Shirika la Huduma za Jiji la Nairobi (NMS), lililokuwapo kati ya 2020 na 2022, lilianzisha ujenzi wa vituo 24 vya afya katika makazi duni ya jiji. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 na kuwapa mikoba yenye vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua mahali pa hazina ya bima ya NHIF.

Hatua hizo zinastahili kupongezwa, lakini pia zinastahili kuulizwa maswali. Je, kituo kilicho karibu na mgonjwa kina oksijeni saa nane usiku, au kina chupa tupu na mlango uliofungwa? Je, mhudumu anayebisha hodi katika kijiji cha Lindi anaweza kumpima mgonjwa kiwango cha oksijeni? Je, kibarua asiye na mshahara wa kila mwezi anaweza kuulipa mchango wa bima kwa mkupuo?

Maswali haya si ya wanasayansi. Ni ya waandaaji wa bajeti, madiwani na wabunge, na ya wapiga kura wanaowachagua.

Sayansi imeshatimiza wajibu wake kwa kiasi kikubwa. Imeeleza ni kwa nini mgonjwa huzidiwa siku ya tisa, imetaja dawa, imeweka kipimo chake cha miligramu 6 na kuonyesha idadi ya maisha yatakayookolewa. Imeonya pia ni nani asipewe dawa hiyo.

Kilichosalia ni umbali wa kilomita chache kati ya mlango wa mabati na chupa ya oksijeni. Janga lijalo, liwe la corona au la jina lingine, litaupima umbali huo tena. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na katika Kibera na Kawangware, ufa huo ungali wazi.